Mwendo wa Mtu wa Mwisho

Alfajiri ya Jumamosi, giza likiwa bado halijaondoka katikati ya Nairobi, matatu za kukodi husubiri abiria waliovaa buti na kubeba mabegi mgongoni. Wengine wanakwenda Ngong, wengine Longonot, wengine Kilimambogo au Aberdare. Kwa muda mrefu kutembea milimani kulidhaniwa kuwa mchezo wa wageni, na wengi walikijua chama kimoja tu, Mountain Club of Kenya, kilicho na makao yake katika uwanja wa ndege wa Wilson. Dhana hiyo haikuwa na msingi. Kenya ilipopata uhuru Desemba 1963, Kisoi Munyao ndiye aliyepeleka bendera ya taifa hadi kilele cha Lenana, Mlima Kenya. Leo makanisa, vyuo, ofisi na mitaa ina vikundi vyake vya kupanda milima, na nchi yenye milima kama yetu ilistahili hivyo zamani.

Kazi yangu ni kufundisha viongozi wa safari hizi. Wanaotaka kujiunga na chama huniuliza ni kipi kimepanda juu zaidi. Swali hilo haliwasaidii, kwa sababu picha ya kileleni haiwaonyeshi waliobaki njiani. Mimi hutazama mambo mawili: ratiba ya chama kwa mwaka mzima, na hali ya yule anayefika wa mwisho kila kikundi kinapopumzika.

Tuanze na ratiba. Chama kinachojua kazi yake huwapeleka wageni Ngong kwanza. Kilele cha Lamwia kina mwinuko wa mita 2,460, upepo ni mkali kiasi cha kuendesha mitambo ya umeme iliyosimikwa kwenye vilima hivyo, na anayechoka hayuko mbali na barabara. Baadaye huja Longonot. Hapo lango lipo kwenye mita 2,150 hivi, kilele kipo kwenye mita 2,776, na njia ya kuizunguka kingo ya kreta ni zaidi ya kilomita 7, yenye vumbi na kivuli haba. Kisha Aberdare: mianzi, matope, baridi, na askari wenye bunduki wanaofuatana na kikundi kwa sababu ya tembo na nyati. Elephant Hill inakaribia mita 3,600, na Satima, kilele kirefu kuliko vyote kwenye safu hiyo, kina mita 4,001. Mlima Kenya huja mwisho.

Mpangilio huu una sababu ya kimwili. Anayeanza mazoezi leo atahisi pumzi imekaa sawa baada ya wiki chache. Misuli nayo huitikia haraka. Lakini kano zinazoshikilia misuli kwenye mifupa hukomaa taratibu, kwa miezi. Ndiyo maana mtu mwenye mapafu mazuri, aliyezoea kukimbia barabarani, anaweza kufika juu ya Longonot akiwa anacheka na kushuka akiwa anachechemea. Ameongozwa na pumzi yake, magoti hayakuulizwa.

Na kushuka ndiko kunakoumiza zaidi, jambo ambalo wageni wengi hawalitarajii. Unapopanda, misuli ya mapaja hujikunja ili kukuinua. Unaposhuka, misuli hiyohiyo hunyooshwa huku ikibeba uzito wako wote na kuzuia usiporomoke. Kazi hiyo huchanachana nyuzi ndogo ndani ya msuli, na maumivu yake huzidi siku ya pili au ya tatu, wakati mtu yuko kazini anashikilia ukuta kushuka ngazi. Habari njema ni kwamba msuli hujifunza. Safari moja yenye kushuka kwa kutosha huukinga kwa wiki kadhaa dhidi ya madhara kama hayo. Kwa hiyo chama kinachotoka kila mwezi, hata kwenda kwenye kilima cha kawaida, huwajenga watu wake kuliko kinachofanya safari moja kubwa ya kujisifia kila Desemba.

Sasa tuje kwa mtu wa mwisho. Hapa ndipo vikundi vingi vinapokosea, na kosa lenyewe hufanywa na watu wema. Kikundi cha watu 30 kinapanda. Wenye nguvu wanatangulia, na baada ya saa moja wanafika mahali pazuri, wanakaa, wanakunywa maji, wanapiga picha. Robo saa baadaye mtu wa mwisho anatokea, amelowa jasho. Wote wanamshangilia, wanampongeza kwa moyo, kisha wanasimama: “Haya, tumekamilika, twende!” Waliotangulia wamepumzika robo saa. Yeye aliyehitaji mapumziko kuliko wote hakupata hata dakika. Hajafungua chupa, hajala, na sasa ana aibu ya kuomba kusubiriwa tena. Kituo kinachofuata atachelewa zaidi. Saa nne za namna hiyo zinatosha kumchosha mtu mpaka akili yake ianze kuteleza, na ikiwa njia ina panda, kama zilivyo njia nyingi za msituni, atashika isiyo yake na hakuna atakayejua.

Dawa yake si ngumu. Mtu mwenye mwendo mdogo atembee wa pili, nyuma ya kiongozi, ili yeye ndiye aweke mwendo. Kipimo cha mwendo ni mazungumzo: kama hamwezi kumaliza sentensi bila kuhema, mnakwenda mbio mno. Mapumziko yahesabiwe kuanzia dakika ambayo wa mwisho ameketi. Kwenye kila panda ya njia kikundi kisubiri mpaka watu wote wahesabiwe. Na nyuma kabisa atembee mtu mzoefu, mwenye simu iliyojaa chaji na mkoba wa huduma ya kwanza, ambaye hampiti mtu yeyote kwa sababu yoyote. Viongozi wengi vijana huona nafasi hiyo ni ya kuadhibiwa. Ningekuwa na uwezo ningeagiza kila chama kimweke hapo kiongozi wake bora kuliko wote, kwa kuwa matatizo ya siku nzima huanzia nyuma, na kwa kawaida huwa yameanza saa mbili kabla mtu yeyote wa mbele hajayajua.

Muda nao hupigiwa hesabu kabla ya safari. Mwaka 1892 Mskoti mmoja, William Naismith, alitoa kanuni inayotumika hadi leo: saa moja kwa kila kilomita 5, na saa moja ya ziada kwa kila mita 600 za kupanda. Longonot, kutoka langoni hadi kingoni, kuzunguka na kurudi, ni kilomita 13 na nusu hivi, na kupanda kunazidi mita 600. Kanuni inatoa karibu saa 4. Lakini Naismith alimhesabia mtu mkakamavu asiyesimama. Kikundi kikubwa chenye wageni kitengewe saa 6. Kikianza kupanda saa 3 asubuhi, kitatoka saa 9 alasiri kukiwa kweupe. Kikichelewa mjini kumsubiri mmoja aliyelala, kikaanza saa 6 mchana, kinacheza na giza. Huku kwetu kwenye ikweta jua huzama karibu saa 12 na nusu jioni mwaka mzima, na usiku huingia ghafla. Kwa hiyo saa ya kugeuka itangazwe ndani ya matatu, kabla mtu hajaona kilele, na ikifika watu wageuke hata kama kilele kiko mbele ya macho.

Baridi inadharauliwa sana katika nchi ya jua. Kila unapopanda mita 1,000 joto hushuka kwa takriban nyuzi 6.5. Mchana Nairobi ukiwa na nyuzi 25, juu ya Elephant Hill tegemea kama 13, kabla ya kuhesabu upepo na mvua. Suruali ya jinzi ikishalowa kwenye mianzi haikauki tena, nayo humnyonya mtu joto la mwili wakati wote anapotembea. Anayeanza kujikwaa, kunung’unika maneno yasiyoeleweka na kukataa kufunga koti huenda joto la mwili wake limeshuka. Mvisheni nguo kavu, mfunikeni, mpeni kitu cha moto na sukari ikiwa anaweza kumeza vizuri, na mteremke naye. Kuhusu maji nitasema kidogo tu: kunywa kadiri ya kiu, na ule. Anayejimiminia maji matupu lita kwa lita kutwa nzima hupunguza chumvi katika damu yake, na dalili zake, kichefuchefu na kuumwa kichwa, hufanana na za kiu, hivyo wenzake humwongezea maji. Karanga zenye chumvi, viazi, mayai ya kuchemsha na nduma vinafanya kazi nzuri kuliko pakiti nyingi za madukani.

Mlima Kenya unahitaji maelezo marefu zaidi, kwa sababu pale uzoefu wa Ngong na Longonot haukingi mtu kama anavyofikiri. Kwenye Lenana, mita 4,985, shinikizo la hewa limepungua hadi kidogo juu ya nusu ya lile la Mombasa. Kiasi cha oksijeni katika hewa ni asilimia 21 ileile, lakini kila pumzi inaingiza karibu nusu tu ya oksijeni inayopatikana pwani. Mwili hujirekebisha: unapumua kwa kasi, figo hurekebisha kemia ya damu, baadaye damu yenyewe hubadilika. Kazi hiyo inataka siku na usiku wa kulala juu. Safari ya kwenda na kurudi Jumamosi haiifanyi. Inachokupa ni miguu, na kuujua mwendo wako.

Madaktari wa milimani wanashauri kwamba ukishavuka mita 3,000, usipandishe mahali unapolala kwa zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na uweke siku ya mapumziko kila baada ya siku tatu au nne. Sasa itazame safari inayotangazwa mara nyingi katika njia ya Sirimon. Lango liko mita 2,650. Usiku wa kwanza ni Old Moses, mita 3,300. Usiku wa pili ni Shipton’s, mita 4,200. Hiyo ni mita 900 kwa usiku mmoja, na usiku huohuo, saa 8 au 9, watu wanaamshwa kwenda Lenana. Vikundi vinavyotoka Ijumaa ili kurudi kazini Jumatatu vinafuata mpango huu kwa sababu ya likizo na bei, wala si kwa sababu unaufaa mwili. Ongezeni usiku mmoja Old Moses, mpande mchana na kurudi kulala chini. Gharama itapanda kidogo, na wengi zaidi watafika juu wakiwa na akili zao. Wanachama kutoka pwani wafike Nanyuki siku mbili kabla. Wa Eldoret na Nyahururu, wanaoishi juu ya mita 2,000, wana nafuu kiasi, ila hawana kinga.

Kichwa kikiuma ukiwa juu, pamoja na kichefuchefu, kizunguzungu au uchovu usio wa kawaida, chukulia ni ugonjwa wa mwinuko mpaka ithibitishwe vinginevyo. Usipande tena mpaka dalili ziondoke. Vijana wenye nguvu hupatwa kama wengine, na huzidiwa zaidi kwa sababu hupanda haraka na huficha. Kuna dalili mbili zisizosubiri asubuhi: mtu kushindwa kutembea kwenye mstari ulionyooka, kisigino mbele ya kidole, na mtu kuhema akiwa amekaa tu. La kwanza linaonyesha ubongo unavimba, la pili mapafu yanajaa maji. Huyo ashushwe mara moja, hata usiku, na kamwe asiende peke yake.

Msaada mlimani hauji upesi. Septemba 1970 daktari wa Austria, Gert Judmaier, alivunjika mguu karibu na kilele cha Batian, Mlima Kenya. Mwenzake Oswald Oelz, daktari pia, alishuka kuomba msaada. Wapandaji waliokuwa Kenya walijitolea, waokoaji wengine wakaletwa kwa ndege kutoka Austria, na ilipita zaidi ya wiki moja kabla ya kumtoa mlimani akiwa hai. Helikopta iliyokuja kusaidia ilianguka na rubani wake akafa. Leo kuna simu na askari waliofunzwa uokoaji, lakini mawingu bado hufunga mlima adhuhuri na mtandao hukatika mabondeni. Mwokoaji wa kwanza anabaki kuwa mtu uliyepanda naye.

Basi kabla hujatuma pesa kwa M-Pesa, mpigie simu mwandalizi umuulize nani atatembea nyuma, saa ya kugeuka ni ngapi, na kama ni Mlima Kenya, kila usiku mtalala kwenye mwinuko gani. Akikujibu bila kusita, nenda naye. Asipokuwa na majibu, baki na pesa yako utafute chama kingine. Siku hizi viko vingi, na Longonot haihami.