Mlima wa Moto Ulio Jirani Yetu

Ndugu mkulima, usidhani milima itoayo moto iko nchi za mbali tu. Ol Doinyo Lengai, ambao Wamasai huuita Mlima wa Mungu, uko Tanzania, kusini ya Ziwa Natron, si mbali na mpaka wetu.

Lava ya mlima huu ina magadi mengi, na joto lake ni kama nusu tu ya lava ya milima mingine. Hutoka nyeusi kama matope, kisha ikipata unyevu hugeuka nyeupe. Mara nyingi huishia kileleni. Lakini mwaka 1966, na tena 2007, mlima ulilipuka kwa nguvu ukarusha majivu juu ya malisho.

Majivu ya kale ya milima ya upande ule yalitengeneza udongo wa Serengeti, ambako nyumbu huenda kuzaa kwa sababu ya majani mazuri. Majivu mapya, hata hivyo, hudhuru mifugo. Ukiyaona shambani, funika maji ya kunywa, usilishe ng'ombe majani hayo mpaka mvua iyaoshe, na umwarifu Bwana Mifugo upesi.