Matumbawe ya Tanga: Kulinda Kwanza, Kupanda Baadaye

Mchuuzi wa Korogwe anapofuata samaki Tanga mjini, changu na tasi anaowanunua wametoka kwenye miamba ya matumbawe. Miamba ikifa mzigo hupungua, na bei hupanda hadi Handeni na Korogwe.

Kimoja kinachoiua ni joto. Maji yakizidi joto la kawaida la kaskazi kwa nyuzi moja, yakakaa hivyo wiki kadhaa, tumbawe hutoa mwani mdogo unaolilisha. Hupauka, na lisipopata nafuu hufa. El Niño ya 1998 iliua matumbawe mengi kuanzia Kenya hadi Shelisheli. Aprili 2024 ikatangazwa kwamba dunia nzima imo katika upaukaji mkubwa wa nne.

Ndipo ikakua kazi mpya: kuotesha matumbawe sugu. Kule Palau, watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, walizalisha matumbawe kutoka kwa wazazi wanaovumilia joto. Mwaka 2024 walieleza kuwa uvumilivu uliongezeka ndani ya kizazi kimoja, ila kidogo mno kulinganisha na joto linalokuja. Karibu na kwetu, wanakijiji wa Wasini, Kenya, hupanda vipande vya matumbawe wenyewe.

Tatizo ni gharama. Uchambuzi wa miradi ya kuotesha matumbawe duniani ulikuta gharama ya kati ni takribani dola 400,000 kwa hekta, na joto la msimu mmoja laweza kuiteketeza yote.

Tanga ina bahati ambayo fedha hizo haziinunui. Mwaka 2020 mtafiti Tim McClanahan alieleza kuwa pwani ya Shimoni, Kenya, hadi Dar es Salaam, kama kilomita 400, hupozwa na maji ya mifereji mirefu ya chini ya bahari, iliyochongwa maelfu ya miaka iliyopita na maji ya Kilimanjaro na Usambara. Milima hiyohiyo inayoinywesha Korogwe ndiyo iliyoyaachia matumbawe kivuli.

Lakini maji baridi hayazuii baruti ya wavuvi. Mlipuko mmoja hugeuza mwamba kuwa kifusi. Hifadhi ya Bahari ya Silikanti ilianzishwa Tanga mwaka 2009, na doria zake zinahitaji boti, mafuta na mishahara. Hifadhi ya Chumbe, Zanzibar, hulipia ulinzi kwa fedha za watalii, njia nzuri ingawa korona ya 2020 iliitikisa.

Wafadhili na serikali waanze na doria. Vitalu vya matumbawe vifuate, na mbegu zichukuliwe kwenye matumbawe ya Tanga yaliyokwisha kuvuka joto.