Kurekebisha Picha Bila Kumchubua Bibi Harusi

Kila baada ya likizo na msimu wa harusi, simu za familia zetu hujaa picha zilizotoka Nairobi. Wapo jamaa waliosimama mbele ya Msikiti wa Jamia katikati ya jiji, wapo waliopigwa bustanini Kilimani au Lavington, na yupo bibi harusi ambaye picha zake zimepitia mikononi mwa fundi wa picha. Katika picha hizo za mwisho aghalabu huonekana jambo la kusikitisha: uso umekuwa mweupe kama unga, ilhali mikono yenye hina imebaki na rangi yake. Fundi hakukusudia ubaya. Ameuona uso una kiza, akauongezea mwanga hadi ukachubuka.

Ipo njia iliyo bora, nayo imo katika Photoshop ya kompyuta na hata katika programu za simu kama Snapseed na Lightroom. Ni kifaa kinachoonyesha mstari unaoweza kupindwa. Hapa tutakiita mkunjo. (Hukumu ya picha zenyewe tunawaachia masheikh wetu, tunazungumza na walio nazo tayari.)

Ukiufungua mkunjo utaona mraba, na ndani yake mstari unaopanda kutoka pembe ya chini kushoto hadi pembe ya juu kulia. Kushoto ni giza la picha, kulia ni weupe wake, na kati yake zimo daraja zote nyingine. Kompyuta huzihesabu kuanzia 0, weusi kamili, hadi 255, weupe kamili. Ukiugusa mstari mahali fulani na kuuvuta juu, daraja zile hupata nuru; ukiushusha, huingia giza. Kitufe cha kawaida cha mwangaza huongeza nuru karibu kila mahali kwa pamoja, kama mtu anayemwaga maji sakafuni. Mkunjo hukuachia wewe uchague pa kumwagia.

Tuchukue picha ya Jamia. Kuta nyeupe na kuba za rangi ya fedha hurudisha nuru nyingi, na kamera, ikidhani mandhari yote yana mwanga wa kupindukia, huupunguza. Kuba hutoka vizuri, watu wakawa vivuli. Weka nukta ya kwanza kwenye robo ya juu ya mstari na usiisogeze: hiyo ni nanga, itazizuia kuba zisipotelee katika weupe. Weka ya pili kati ya robo ya chini na katikati, ambapo nyuso zetu nyingi huangukia katika picha ya namna hiyo, uivute juu kidogo kidogo hadi macho yaonekane. Ya tatu iweke karibu kabisa na pembe ya chini, kuurudisha mstari mahali pake, ili buibui libaki jeusi. Buibui lililogeuka rangi ya jivu ni dalili kwamba giza lote limeinuliwa. Wala usilizamishe mno, tarizi ya kifuani ikapotea.

Picha za bustanini zina maradhi mengine. Nairobi ya Juni hadi Agosti hufunikwa na mawingu kwa siku nyingi, na nuru yake huelekea ubuluu. Mtu wa Pwani aliyezoea jua kali hutoka pichani kama aliyeamka na homa. Hapo fungua mistari mitatu ya rangi iliyomo katika mkunjo: nyekundu, kijani na buluu. Ukishusha buluu, picha huelekea manjano. Ukishusha kijani, huelekea zambarau. Kwa picha ya mawingu, shusha buluu katikati, kiasi kidogo tu, na uinue nyekundu kwa kiasi hicho hicho. Kwa ukumbi wenye taa zinazotoa ukijani, shusha kijani. Tafuta kitu unachokijua kuwa cheupe, kanzu ya bwana harusi kwa mfano, na itakapokuwa nyeupe kweli, ngozi nayo huwa imekaribia asili yake. Kisha itazame hina: ikigeuka rangi ya chungwa, umezidisha.

Mazoea ya kuuona uso mweusi kuwa kasoro hayakuanzia kwa mafundi wa Nairobi. Kwa miongo mingi maabara za kusafisha filamu zilipima rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke wa Kizungu; ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha picha sahihi.

Lakini kwa kina mama wa Kiislamu faida kubwa ya kuujua mkunjo haimo katika rangi. Picha za usiku wa kupamba, ambamo wanawake wamejiachia miongoni mwao, zinapopelekwa dukani mjini kurekebishwa, hunakiliwa katika mashine ya mtu baki. Kenya inayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Septemba 2023 shule moja ya Uthiru, magharibi mwa Nairobi, ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Faini hiyo, kubwa ilivyo, haiifichi tena picha iliyokwisha kuonekana. Snapseed ni ya bure, na ikishawekwa simuni hufanya kazi bila intaneti. Picha ikarekebishwa na dada wa bibi harusi, sebuleni, haina haja ya kutoka nyumbani. Angalia tu kwamba simu haipakii nakala mtandaoni yenyewe.

Hifadhi picha ya asili kabla ya kugusa chochote. Na ukifanya kazi usiku, zima ile rangi ya manjano ambayo simu nyingi huiweka kwenye kioo kupumzisha macho. Picha iliyorekebishwa chini yake huamka asubuhi ikiwa buluu.