Kuotesha Hematiti Ili Jua Lipasue Maji

Mwaka 1972, Wajapani Akira Fujishima na Kenichi Honda walieleza katika jarida la Nature jinsi elektrodi ya oksidi ya titani, ikizamishwa majini na kumulikwa, inavyoyatenganisha maji kuwa oksijeni na haidrojeni, gesi inayowaka bila kutoa kaboni. Ila oksidi hiyo hutumia mionzi ya urujuanimno tu, takriban asilimia 5 ya nishati ya jua inayofika ardhini. Nuru inayoonekana kwa macho, iliyo nyingi zaidi, hupotea bure.

Ndiyo maana watafiti wengi waligeukia hematiti, oksidi ya chuma inayoupa udongo mwekundu rangi yake. Ni tele, ni rahisi, haina sumu na hudumu ndani ya maji yenye alkali. Zaidi ya yote, hufyonza nuru ya buluu na kijani hadi kufikia njano. Kwa hesabu za nadharia, sentimita moja ya mraba ingeweza kutoa mkondo wa takriban miliampea 12.6 juani.

Kikwazo kimo ndani yake. Nuru inapoipiga, elektroni huchomoka na kuacha tundu lenye chaji chanya. Tundu hilo ndilo linalotoa oksijeni kwenye maji, mradi tu lifike kwenye uso unaoyagusa. Katika hematiti, husafiri nanomita 2 hadi 4 tu kabla ya kukutana na elektroni na kutoweka. Nuru nayo huhitaji unene wa mamia ya nanomita ili ifyonzwe vizuri. Utando ukiwa mwembamba, nuru hupita. Ukiwa mnene, matundu hufia ndani.

Jibu ni umbo.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Lionel Vayssieres na wenzake walionyesha namna ya kuotesha vijiti vya hematiti kwa vifaa vya kawaida kabisa. Kioo chenye utando wa oksidi ya bati unaopitisha umeme huegemezwa ndani ya chupa yenye maji, kloridi ya feri na nitrati ya sodiamu, utando ukielekea chini ili mashapo yasiutuamie. Chupa hufungwa na kuwekwa kwenye oveni, karibu na nyuzijoto 100, kwa saa kadhaa. Kioo hutoka kikiwa na ngozi ya njano ambayo bado si hematiti, kwani ina haidrojeni. Kikisuuzwa na kuchomwa kwa nyuzijoto 550, haidrojeni hiyo hutoka kama mvuke wa maji, na njano hugeuka nyekundu.

Chini ya hadubini ya elektroni, vijiti huonekana vimesimama wima, vimebanana kama nywele za brashi. Nuru hushuka kwa urefu wa kijiti, ambako unene upo wa kutosha. Tundu hutokea ubavuni, ambako maji yako karibu.

Umbo peke yake halitoshi, maana elektroni nazo lazima zishuke hadi kwenye kioo, na hematiti safi huzipitisha kwa shida. Vijiti vikichomwa tena kwa muda mfupi, karibu na nyuzijoto 800, atomi za bati kutoka kwenye utando wa kioo hupenya ndani na kuongeza elektroni huru. Joto hilo pia hulegeza kioo na kunenepesha vijiti, hivyo kila dakika ya tanuri huhesabiwa.

Mwaka 2006, kundi la Michael Grätzel huko Lausanne, Uswisi, liliotesha hematiti ya matawi-matawi iliyochanganywa na silikoni, likapata miliampea 2.2 kwa sentimita ya mraba, kisha 2.7 baada ya kuipaka kobalti. Mwaka 2013, watafiti wa Korea Kusini walifika 4.32 kwa kuongeza platini, yaani karibu theluthi moja ya ukomo wa nadharia.

Hata ikifika ukomo huo, hematiti itahitaji msaada wa volti kutoka nje ili haidrojeni itoke. Kwa hiyo maabara kadhaa huweka seli ya sola nyuma yake, itumie nuru nyekundu ambayo hematiti huiacha ipite.