Urani ya Namtumbo na Mkaguzi Mwenye Kofia Mbili

Ukienda kupiga eksirei Mwananyamala, au katika hospitali yoyote ya binafsi pale Kinondoni, mtazame kifuani yule anayekupanga mbele ya mashine. Anatakiwa awe amebana kwenye koti kijisanduku cha plastiki kisichozidi kiberiti. Hakina betri wala taa. Ndani yake mna vipande vya fuwele vinavyotunza alama ya mionzi iliyompata mvaaji. Vikipashwa moto maabara hutoa mwanga, na kwa kupima mwanga huo hujulikana amepata dozi kiasi gani. Viwango vya kimataifa vinamruhusu mfanyakazi wa mionzi milisiveti 20 kwa mwaka, zikikokotolewa kwa wastani wa miaka mitano. Wewe na mimi tunaopita njia, mionzi itokanayo na shughuli hizo isituzidie milisiveti 1. Anayekiacha kijisanduku chake kwenye droo, na wapo, hubaki hana kumbukumbu yoyote siku atakapougua.

Vijisanduku hivyo husomwa Arusha, katika maabara za Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, TAEC. Wafanyabiashara wa Kariakoo wanaijua Tume kwa cheti cha mionzi cha vyakula, na wengi hudhani kazi yake inaishia hapo. La hasha. Sheria Na. 7 ya mwaka 2003, iliyochukua nafasi ya sheria ya 1983, inataka kila anayeingiza, kumiliki, kutumia au kusafirisha chanzo cha mionzi awe na kibali chake, na inampa mkaguzi wa Tume mamlaka ya kuingia, kupima na kusimamisha kazi.

Eksirei ni rahisi kuisimamia, maana ukikata umeme mionzi imekwisha. Kazi iko kwenye vyanzo visivyozimika. Mkandarasi wa barabara akitaka kujua kama kifusi kimeshindiliwa sawasawa, huweka chini kifaa chenye fimbo inayozama ardhini, na kwenye ncha ya fimbo hiyo mna punje ya sesiamu-137. Wanaokagua maungio ya mabomba hutumia iridiamu-192. Iridiamu hupungua nusu kila baada ya siku 74, lakini sesiamu huchukua miaka 30. Kampuni inaweza kufilisika, bosi akahama nchi na kontena la vifaa likapigwa mnada, huku punje ile ikiendelea kutoa mionzi.

Hapo ndipo ninapowawazia vijana wa skrepa wanaozunguka na mikokoteni toka Manzese hadi Tegeta, wakinunua chuma kwa kilo. Mwaka 1987, katika mji wa Goiânia nchini Brazili, watu wawili waling'oa kichwa cha mashine ya tiba ya saratani katika kliniki iliyohamwa, wakakiuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Ndani mlikuwa na unga wa sesiamu uliong'aa rangi ya buluu gizani. Watu wakagawana, wengine wakajipaka. Walikufa wanne, 249 wakakutwa na uchafuzi mwilini, na zaidi ya watu 100,000 wakapangwa foleni kupimwa. Aliyeuza hakujua, aliyenunua hakujua. Waliojua walikuwa wenye kliniki na serikali, na mashine ikabaki kwenye jengo lililohamwa. Kwetu chanzo kilichochoka kinapaswa kurudishwa kwa aliyekitengeneza au kupelekwa kwenye ghala la taka za mionzi la Tume huko Arusha. Utaratibu huo hufanya kazi pale tu ambapo daftari la vyanzo linasahihishwa kila mara na mkaguzi anafika kukihesabu kifaa kwa macho yake.

Sasa tazama kusini. Julai 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kiwanda cha majaribio cha kuchakata urani katika mradi wa Mto Mkuju, wilayani Namtumbo, Ruvuma. Mradi ni wa Mantra Tanzania, kampuni iliyo chini ya Rosatom ya Urusi. Eneo hilo lilikuwa ndani ya Pori la Akiba la Selous mpaka 2012, Kamati ya Urithi wa Dunia ilipokubali mpaka wa pori usogezwe.

Niondoe hofu moja isiyo na msingi. Kiwanda cha namna hii hakiwezi kulipuka kama bomu. Urani itokayo ardhini ina asilimia 0.7 tu ya aina inayowasha mfululizo wa kuvunjika kwa viini. Ajali ya Tokaimura, Japani, ilikuwa jambo jingine: kiwanda cha kuandaa mafuta ya kinu, urani iliyorutubishwa kufikia karibu asilimia 19, na wafanyakazi walioimimina kwa ndoo za chuma ili kuokoa muda. Septemba 30, 1999 waliweka takriban kilo 16 katika tangi lililoruhusiwa kilo 2.4. Mfululizo ule ukawaka, na wawili wakafa. Mtindo wa ndoo haukuwa siri ndani ya kampuni. Serikali ilikuwa imeidhinisha utaratibu mwingine kabisa kwenye karatasi, na haikugundua kwamba kiwandani haufuatwi.

Hatari ya Namtumbo ni ya taratibu. Mawe husagwa, huyeyushwa kwa asidi, urani ikatolewa na kukaushwa kuwa unga uitwao keki ya njano. Unga huo hutiwa kwenye mapipa na kusafirishwa. Kinachobaki ni topesumu, na humo ndimo inamobaki takriban asilimia 85 ya mionzi yote ya mwamba, kwa sababu radiamu na thoriamu haziondoki na urani. Thoriamu-230 hupungua nusu kila baada ya miaka 75,000. Topesumu hiyo hutoa gesi ya radoni, na bwawa lake likipasuka, maji ya upande ule huelekea Rufiji. Mabwawa hupasuka: Novemba 2022 la mgodi wa almasi wa Mwadui, Shinyanga, lilibomoka na tope likafunika mashamba na nyumba. Lile halikuwa na urani.

Kwa hiyo swali langu kuhusu Mkuju ni nani atakagua bwawa hilo mwekezaji akishaondoka, na kwa fedha zipi. Fedha za kufunga mgodi ziwekwe dhamana mwanzoni, wakati kampuni bado inahitaji leseni.

La pili ni la Tume yenyewe. Sheria ya 2003 imeivisha kofia mbili: isimamie usalama, na hapo hapo ihamasishe matumizi ya teknolojia ya nyuklia nchini. Marekani walikuwa na chombo cha namna hiyo, wakakigawa kwa sheria ya 1974. Japani walisubiri mpaka ajali ya vinu vya Fukushima. Mdhibiti wao alikuwa chini ya wizara ile ile iliyopigania vinu, wakamtoa mwaka 2012. Kenya walitenganisha kwa sheria mbili za 2019, mamlaka ya udhibiti upande mmoja na wakala wa nishati ya nyuklia upande wa pili, ilhali hawajajenga kinu hata kimoja.

Nimesikia jibu kwamba wataalamu wetu ni wachache, hatuwezi kuwagawa. Ni kweli ni wachache. Lakini maabara zinaweza kubaki moja zikihudumia pande zote. Kinachohitaji kutengwa ni mkono unaotoa leseni na kukagua, uwe na bajeti yake, bodi yake, na ruhusa ya kuchapisha ripoti za ukaguzi wa Mkuju bila kumwomba anayetaka mradi uende haraka. Hilo ni kazi ya Bunge kurekebisha vifungu, na ni rahisi zaidi sasa, wakati kiwanda bado ni cha majaribio.