Bakuli la Mbwa: Liwekwe Juu au Chini?

Huenda baadhi ya wasomaji wetu wakastaajabu kuona safu ya maoni ya gazeti ikishughulika na bakuli la mbwa. Sisi hatuoni la kustaajabisha. Mbwa wa polisi ni mali ya umma, amefunzwa kwa fedha za wananchi. Na mbwa anayelinda ghala au nyumba ni kiumbe aliyefungiwa ndani ya ua, hana chakula ila anachopewa, wala hachagui mahala pa kuwekewa.

Suala lenyewe ni hili. Katika maduka ya vifaa vya wanyama huuzwa mabakuli yaliyopachikwa juu ya vigoda vya chuma au mbao, na wauzaji hudai kwamba mbwa, khasa mkubwa, akila bila ya kuinamisha shingo huwa na afya bora zaidi. Wapo pia ambao hawakununua chochote, lakini huliweka bakuli juu ya tofali kwa imani hiyo hiyo.

Imani hiyo ina asili yake. Kwa muda mrefu wataalamu wenyewe walishauri hivyo, kwa kuhofia maradhi yanayowaua mbwa wakubwa wenye kifua kirefu kwenda chini, kama vile German shepherd na Great Dane. Katika maradhi hayo tumbo hujaa gesi, kisha likajipinda, na njia zake zote mbili, ya kuingilia chakula na ya kutokea, zikazibana. Damu hukosa kupita sawasawa, bandama huvutwa pamoja na tumbo, na mbwa asipofanyiwa operesheni hufa katika muda wa saa chache. Ilidhaniwa kwamba mbwa anayekula kwa kuinama humeza hewa nyingi, na kwamba bakuli likiinuliwa hewa hiyo itapungua. Dhana yenyewe iliingia akilini, ila ilikuwa haijapimwa.

Ilipopimwa, matokeo yalikuja kinyume. Mwaka 2000 Lawrence Glickman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Purdue, katika jimbo la Indiana, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia mbwa 1,637 wa aina 11 za mbwa wakubwa. Waliolishwa katika bakuli lililoinuliwa walipatwa na maradhi hayo zaidi kuliko wenzao. Watafiti wakakadiria kwamba kiasi cha asilimia 20 ya maradhi hayo kwa mbwa wakubwa, na asilimia 52 kwa wale wakubwa mno, yaliweza kuhusishwa na bakuli hilo. Mambo mengine yaliyojitokeza ni umri, kuwa na mzazi au ndugu aliyewahi kuugua, na kula kwa pupa.

Lazima tuwe waadilifu. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba kigoda ndicho kinachopindua tumbo. Mapitio yaliyochapishwa Uingereza mwaka 2017 yalikuta tafiti chache mno juu ya suala hili, mmoja ukiona hatari na mwengine usione tofauti. Lakini hapana hata mmoja ulioonyesha kwamba bakuli la juu linamkinga mbwa. Basi anayeuza kigoda kwa jina la afya anauza ahadi isiyo na ushahidi, na hatuoni kwa hoja gani ofisi ya umma itailipia.

Wapo mbwa wa kutolewa katika kanuni hii. Mbwa mzee mwenye maumivu ya shingo au viungo anaweza kupata nafuu asipoinama sana. Yupo pia mbwa ambaye umio wake umetanuka na kulegea, chakula hakishuki na hurudi kama kilivyomezwa. Huyu hata kigoda hakimtoshi. Hulishwa akiwa wima katika kiti maalumu, na hubakishwa hivyo kwa dakika kadhaa baada ya kula. Mambo hayo huamuliwa na daktari wa mifugo, si na muuza duka.

Visiwani kwetu bakuli la mbwa limezoewa kutazamwa kwa jicho la tohara. Chuoni tulifunzwa kwamba chombo alichokiramba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Walimu hao hao walituhadithia habari za mtu aliyemteremkia mbwa mwenye kiu kisimani, akamtekea maji kwa kiatu chake, na akasamehewa.

Kwa mbwa mzima, basi, bakuli liwe chini, liwe lake peke yake, na lisafishwe. Chakula cha siku kigawanywe mara mbili au zaidi kuliko kumpa shehena moja jioni. Aliye mlafi atiliwe ndani ya bakuli jiwe safi, kubwa asiloweza kulimeza, ili alazimike kulizunguka na kula polepole.

Kisha kuna dalili. Tumbo huvimba na kukaza kama ngoma, mbwa hujikamua kutapika na hakitoki kitu, mate humchuruzika, hatulii, na pumzi humpanda. Hapo hakungojwi kupambazuke. Anayeishi kisiwa ambacho daktari wa upasuaji hufikiwa kwa boti anajua saa chache zinavyokwisha. Aghalabu atakayeziona dalili hizo ni mlinzi wa zamu ya usiku, wala si mkuu wake wa kazi. Kwa hivyo yeye ndiye wa kuelezwa, na nambari ya simu ya daktari iandikwe ukutani pale anapokaa.