Wanaohesabu Watoto Wetu na Wanaopanga Mambo ya Shule



Tunapowatembelea, kuanzia Isebania mpaka Mbita, swali moja halikosi. Hawa watu wanaokuja na karatasi, wakauliza una watoto wangapi, nani anasoma, nani amekaa nyumbani, halafu wakapanda gari wakaenda, hayo majibu wanayapeleka wapi? Swali ni la haki. Mama ameacha omena zake juani akakaa saa nzima na mgeni, akamweleza habari za watoto wake mmoja mmoja, na mpaka leo hajaona kitu kikirudi. Wengine sasa wanakataa kabisa kujibu. Kwa hivyo tumeona tueleze njia ambayo majibu hayo hupita mpaka yageuke kuwa sera, na mahali ambapo njia yenyewe hukatika.

Kwanza tuelewane juu ya neno usawa, kwa sababu linatumika ovyo. Elimu ya msingi bila karo ilipoanza Januari 2003, serikali ilipeleka shule shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka. Kila mtoto sawa na mwenzake. Watoto waliingia kwa wingi, kutoka kama milioni 5.9 mwaka 2002 hadi kama milioni 7.2 mwaka 2003, na hilo ni jambo kubwa ambalo hatutalidharau. Lakini fanyeni hesabu. Tuseme shule ya kisiwani ina watoto 150, na shule ya karibu na mji ina watoto 900. Ya kwanza inapata shilingi 153,000, ya pili 918,000. Chaki inayokwenda kisiwani inalipiwa mashua. Paa ni paa, lina mabati yale yale pande zote mbili. Fungu ni sawa kwa kila kichwa, lakini watoto hawakutendewa sawa. Wataalamu wanapotaja usawa katika elimu wanauliza jambo hili: je, mtoto aliyeanza nyuma amepewa cha kumfikisha walipo wenzake?

Sasa, nani humwambia waziri kwamba mtoto fulani yuko nyuma? Waziri hajui Remba wala Macalder. Profesa wa chuo kikuu anaweza kujua, lakini kitabu chake kinakaa kabatini. Ndiyo maana watu hawa wawili wakatafutiwa mahali pa kukutana, na mahali hapo ndipo panapoitwa mtandao wa wataalamu. Mtandao ni watu wa nchi au vyuo mbalimbali waliokubaliana kukusanya habari kwa namna moja na kuzifikisha kwa wenye mamlaka.

Tuanze na mmoja ulio karibu nasi. Mwaka 1992 wanawake watano waliokuwa mawaziri wa elimu katika nchi za Afrika waliungana wakaanzisha FAWE, jumuiya ya wanawake waelimishaji wa Afrika, makao yake Nairobi. Mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa Mkenya, Dakta Eddah Gachukia. Ujanja wao ulikuwa huu: waliwaweka meza moja mawaziri, makatibu wa wizara, wakuu wa vyuo vikuu na watafiti. Mtafiti akisema wasichana wanatoka shuleni kwa sababu ya mimba, mwenye kalamu ya kutia sahihi yupo pale pale anasikia. Moja ya mambo waliyoyapigania ni msichana aliyezaa aruhusiwe kurudi darasani. Hapa Kenya sera hiyo ipo tangu mwaka 1994, na mwaka 2020 wizara ilitoa mwongozo mpya wa namna ya kuwarudisha wanafunzi walioacha shule.

Kwa nini jambo hili linatuhusu sisi kuliko wengi? Uchunguzi wa afya ya jamii wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika Kenya nzima, wasichana 15 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19 wameshawahi kushika mimba. Homa Bay ni 23, na Migori vile vile 23. Mwaka 2014 Homa Bay ilikuwa karibu theluthi moja ya wasichana wa umri huo, kwa hivyo kuna nafuu, ingawa bado tuko mbali. Mambo ya jaboya ufuoni na pesa za haraka za migodi ya dhahabu mnayajua kuliko sisi, hatutawafundisha.

Ndugu zetu wa upande wa Kuria wameona kwa macho tofauti inayoletwa na sera. Ukoo ni mmoja, mpaka tu ndio unaowatenganisha. Upande wa Tanzania, Juni 2017 Rais Magufuli alitangaza kwamba msichana aliyezaa hatarudi katika shule ya serikali. Novemba 2021, baada ya kifo chake, serikali ya huko iliondoa katazo hilo. Kwa miaka hiyo minne, msichana wa Sirare alifungiwa mlango uliokuwa wazi kwa binamu yake wa Isebania.

Wazi, ndiyo, lakini kwa karatasi. Tangu 1994 ni zaidi ya miaka 30, na bado tunakutana na wazazi wanaoambiwa na mwalimu mkuu kwamba binti yao ataharibu wenzake, nao wanarudi nyumbani kimya. Hawajui kwamba sera ipo! Mtandao ulifika kwa waziri, lakini haukufika kwa mama wa Ndhiwa. Kwa maoni yetu, kasoro kubwa ya mitandao hii ni kwamba habari hupanda vizuri lakini kushuka hazishuki.

Dawa ya minyoo na vitabu vya Kiingereza

Kuna habari nyingine ya karibu ambayo imewafikia watoto wenu mdomoni, yaani vile vidonge vya minyoo shuleni. Kuanzia 1998 watafiti, wakiongozwa na Edward Miguel na Michael Kremer, walifuatilia shule 75 za Busia. Shule zilipewa dawa kwa zamu, ili ziweze kulinganishwa na zile zilizokuwa zikingoja. Katika shule zilizopewa, utoro ulipungua kwa kama robo. Hata watoto wa jirani ambao hawakumeza dawa walipata nafuu, kwa sababu minyoo haikuwa na mahali pa kuenea. Alama za mtihani hazikupanda, na walisema hivyo bila kuficha. Utafiti ulichapishwa 2004. Mwaka 2009 serikali ilianza kutoa dawa kwa mamilioni ya watoto wa shule, na mpango wa nchi nzima ukaimarishwa 2012. Sisi wa pwani ya ziwa huongezewa dawa ya kichocho. Mwaka 2015 wataalamu wengine walirudia hesabu za utafiti ule na ukazuka ubishi mkali. Hilo lisiwasumbue. Wataalamu wakibishana hadharani ni afadhali kuliko wakikubaliana gizani.

Huko huko Busia, Kremer na wenzake walipima pia vitabu. Shule zilipewa vitabu vya kiada, na kila mtu alitarajia alama zipande. Zilipanda, lakini kwa watoto waliokuwa tayari mbele tu. Wale wa nyuma hawakusogea. Sababu? Vitabu vilikuwa kwa Kiingereza, ambayo kwa watoto wengi ni lugha ya tatu baada ya lugha ya mama na Kiswahili. Fikirieni mtoto wa Kijaluo au wa Kikuria anayepewa kitabu kizuri ambacho hawezi kukisoma. Kikundi kikichangisha harambee ya vitabu bila kuuliza kwanza nani anaweza kuvisoma, kinaweza kuwasaidia wenye nguvu na kuwaacha wale wale waliokusudiwa. Hatusemi msinunue vitabu. Ulizeni kwanza.

Upimaji wa nyumbani

Swali hilo, nani anaweza kusoma, ndilo lililoanzisha Uwezo mwaka 2009 katika Kenya, Tanzania na Uganda. Mfano ulitoka India, ambako shirika la Pratham lilikuwa limeanza upimaji wa aina hiyo mwaka 2005. Wapimaji walikuwa watu wa kujitolea, wawili kwa kila kijiji. Walikwenda nyumba 20, wakamkalisha mtoto wa miaka 6 hadi 16, wakampa karatasi ya kiwango cha darasa la pili: herufi, maneno, aya, hadithi, na hesabu ndogo. Walipima nyumbani na si shuleni, kwa sababu mtoto aliyeacha shule hapatikani shuleni. Na mzazi aliambiwa jibu siku ile ile.

Kwa miaka kadhaa ripoti za Kenya zilirudia karibu jibu moja: katika watoto 10 wa darasa la tatu, kama 3 tu ndio walioweza kazi ya darasa la pili. Wakubwa walikasirika kwanza. Baadaye hakuna aliyeweza kuongea juu ya shule bila kutaja hesabu hiyo. Mpango wa Tusome, uliojaribiwa kwanza katika shule mia kadhaa na kuenezwa nchi nzima mwaka 2015, uliwapa watoto wa madarasa ya chini kitabu kila mmoja, pamoja na maofisa wa kuwatembelea walimu darasani. Na Dakta Sara Ruto, aliyeongoza Uwezo, baadaye aliteuliwa kushika cheo cha juu katika Wizara ya Elimu yenyewe. Hapa Kenya kazi ya Uwezo ilichukuliwa na Usawa Agenda, waliopima tena nchi nzima mwaka 2021. Huko nje, wale wa India, Afrika na kwingineko waliungana katika mtandao uitwao PAL.

Msidhani wenzetu wa Ulaya hawana shida hii. Wanayo, na Tume ya Ulaya ina mitandao yake ya wataalamu, mmojawapo ukiitwa NESET, unaoandika ripoti juu ya watoto wa maskini, wa wahamiaji na wanaoacha shule. Jambo moja la kwao tunalipenda. Walikubaliana kwanza maana ya kuacha shule: kijana wa miaka 18 hadi 24 ambaye hakuvuka sehemu ya kwanza ya sekondari, na sasa hasomi wala hajifunzi ufundi. Maana ikiwa moja, nchi hazikuweza tena kujificha nyuma ya maneno. Mwaka 2010 waliweka shabaha kwamba ifikapo 2020 wawe chini ya 10 kwa 100. Ureno ilikuwa karibu 40 kwa 100 mwaka 2005, na ilipofika 2020 ikawa chini ya 10.

Sisi je? Kijana anayekwenda shule Jumatatu mpaka Jumatano, halafu Alhamisi na Ijumaa yuko mgodini au ufuoni, ameacha shule au hajaacha? Katika rejista ya shule yumo. Mkikaa kikundi kizima mtapata majibu matatu tofauti. Kwa hiyo kabla ya kuhesabu, kubalianeni. Mfano: asiyeonekana darasani wiki 4 mfululizo katika muhula, huyo mmemhesabu kuwa ameacha. Andikeni maana hiyo ukurasa wa kwanza wa daftari, ili mwaka ujao mhesabu kwa kipimo kile kile.

Daftari lenyewe liwe la kawaida, lile la meri-go-raundi linatosha. Nyumba ngapi mmefika, watoto wangapi wa umri wa shule, wangapi wameacha, wavulana na wasichana, na sababu waliyotoa wenyewe. Mkitaka kupima kusoma, tafuteni hadithi fupi ya kitabu cha gredi ya pili na mmsikilize mtoto taratibu, bila kumcheka. Majina ya wasichana wenye mimba yasiandikwe kabisa; idadi inatosha, na habari za mtu zinalindwa na sheria ya mwaka 2019.

Halafu mpeleke panapohusika, maana wengi hupoteza nauli kwa kwenda ofisi isiyo yake. Shule ya chekechea na chuo cha ufundi cha kijijini ni kazi ya kaunti, kwa Katiba ya 2010. Shule za msingi na za sekondari ni za serikali kuu, na walimu wake wako chini ya TSC. Hapo anzeni na halmashauri ya shule, kisha ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Msichana akikataliwa kurudi, msiondoke na jibu la mdomo. Ombeni liandikwe.

Kwa mambo ya kaunti kuna tarehe zilizowekwa na sheria ya fedha za umma ya mwaka 2012. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufika katika bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, mwelekeo wa matumizi kabla ya tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kabla ya tarehe 30 Aprili. Mkifika Mei, makadirio yamekwisha kufika katika bunge la kaunti. Pelekeni barua ya ukurasa mmoja yenye hesabu zenu, mwenyekiti na katibu watie sahihi, na nakala moja ipigwe muhuri na tarehe ya kupokelewa, ibaki kwa katibu.